Masikio ya Mara ya Kwanza

Katika mali zote anazozihitaji mtu aliyeurekodi wimbo wake wa kwanza chumbani mwake, hakuna iliyo adimu kama sikio ambalo halijapata kuusikia wimbo ule. Kwani maiki huazimwa, kompyuta hununuliwa kuukuu, na programu hujifunzwa usiku baada ya usiku, lakini msikilizaji mgeni hupatikana mara moja tu, na akishausikia wimbo mpaka mwisho, ugeni wake umekwisha, wala hapana hila wala fedha ya kuurudisha. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wa mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, ambao leo wanarekodi majumbani kwa wingi usiopata kuonekana, huitumia mali hii kwa pupa: wimbo ukikamilika saa tisa za usiku, kabla ya jua kuchomoza umeshatumwa kwa simu kwa kila rafiki, kila binamu na kila mwimbaji mwenzao, na jibu linalorejea ni "moto sana", ambalo ni jibu la mapenzi, nayo mapenzi ni kitu chema, ila hayamwelekezi fundi ni wapi sauti imezama na ni wapi ngoma imezidi.

Mfano ninao karibu. Katika ploti inayopakana na yetu, huku Dandora, anakaa kijana ambaye mwaka huu ameumaliza wimbo wake wa kwanza, maneno yake, biti yake na kumiksi kwake, bila ya kuvuka kizingiti cha studio ya mtu. Chumba chake, kama vyumba vingi vya kupanga katika mitaa hii, ni cha futi kumi kwa kumi: kitanda ukutani, jiko la gesi karibu na mlango, pazia, na katikati meza yenye kipakatalishi na spika mbili ndogo zilizokalishwa juu ya matofali. Maiki aliitundika baina ya nguo zilizoning'inia kwenye kamba, akaweka blanketi mbili nyuma yake, ili sauti isirukeruke baina ya sakafu ya saruji na kuta za mawe. Na hakika sauti ya mwimbaji ilitoka kavu na ya karibu, kama ya mtu anayezungumza begani pako. Hapo alifanya vema, na hapana aliyemfundisha.

Dandora ilijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vilivyopimwa na kuwekewa maji na choo, kila mwenye kiwanja akijiongezea vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Na vyumba hivyo, vilivyokusudiwa kumsitiri mtu na mvua, vimegeuka kuwa ala ya muziki ambayo mpangaji hupiga bila ya kujua kwamba anaipiga. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde, na futi kumi ni kama mita tatu. Kwa hiyo wimbi linalotetema mara 56 hivi kwa sekunde lina urefu ulio maradufu ya chumba, na likienda ukutani na kurudi hukutana na nafsi yake, likajilimbikiza kutani na pembeni, na katikati ya chumba likafifia hata karibu ya kutoweka. Maadam chumba ni mraba, kuta za upande huu na za upande ule zote zinashikilia tarakimu moja, kwa hiyo upungufu unaongezeka palepale. Tena tarakimu hiyo ya 56 ndiyo makao ya kiki, ile ngoma nzito ya chini, na ya besi nzito inayopendwa katika muziki wa leo. Basi kijana wetu, akikaa katikati ya chumba mbele ya meza yake, alikuwa amekaa mahali pale hasa ambapo besi yake mwenyewe haimfikii. Akaona imepungua, akaiongeza. Akaona bado, akaiongeza tena. Hakuwa mjinga wala hakuwa na sikio baya. Chumba ndicho kilichomficha ukweli.

Juu ya hilo lipo la usiku. Mchana ploti ina watoto, redio, bomba la maji na mafundi wa vyuma, hivyo kazi ya makini hufanywa watu wakilala, na kwa staha ya jirani ambaye ukuta wake ni ukuta wako, sauti ya spika hupunguzwa. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani, walichapisha vipimo vilivyodhihirisha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti nzito na sauti nyembamba kwa usawa, na kwamba kadiri sauti inavyopunguzwa ndivyo besi inavyotangulia kupotea. Kwa hiyo adabu yenyewe, ile ya kutomsumbua mama mwenye mtoto mchanga upande wa pili, humfanya mpiga biti aidhanie besi yake kuwa haba. Na asubuhi, wimbo ukipigwa kwa nguvu mahali pengine, besi ile hulipuka.

Lakini kizuizi kilicho kikubwa kuliko chumba na kuliko usiku kimo ndani ya mtu. Mwenye kuyatunga maneno anayajua. Ameyaandika, ameyafuta, ameyaimba mpaka yamemkaa ulimini, na akiusikiliza wimbo wake, akili humletea kila silabi timamu hata ile ambayo spika haikuitoa; hapo haisikilizi sauti, anaikumbuka. Hapana hedifoni ya thamani inayoliponya jambo hili, kwa kuwa haliko katika vyombo. Ndiyo maana nasema kutojua kwa msikilizaji ni hazina: yeye hana la kukumbuka, amepewa sauti tupu, na kama neno halikumfikia, basi halikutoka.

Zamani mgeni huyo alikuwamo ndani ya kazi yenyewe. Waimbaji Fadhili William na Daudi Kabaka walipokuwa wakirekodi Nairobi katika studio za Equator za Charles Worrod, miaka ya 1960, mwimbaji aliimba upande mmoja na fundi mitambo akasikiliza upande wa pili, na huyo fundi, apende asipende muziki ule, alikuwa sikio lisilo la mtunzi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipovuka bahari pamoja na wapiga ala wake mwaka 1928 kwenda Bombay kuiimbia kampuni ya HMV, watu wa Unguja, ambao ndio waliokuwa na haki ya kusema neno, waliisikia kazi ile santuri zilipowasili, wakati ambapo hapakuwa tena na la kugeuza. Kijana wa leo amepata uhuru ambao wao hawakuupata, wa kugeuza wimbo kesho na keshokutwa, lakini amempoteza yule mtu wa upande wa pili.

Uhuru huo haukuja mara moja. Wanarap wa Kalamashaka walipotoka hapa Dandora mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuufanya mtaa huu usikike nchi nzima kwa Kiswahili chake chenyewe, studio ilikuwa bado ni mahali pa kuendea kwa basi. Mwaka 2000 mtayarishaji Clemo na msanii Jua Cali wakaianzisha Calif Records, ambayo ilichukua jina lake kwa mtaa wa California ulio ubavuni mwa Eastleigh, na muziki wa genge ukapata makao. Mwaka 2006 kundi la Ukoo Flani Mau Mau likatoa albamu ya Dandora Burning, zao la mtaa lililolelewa mtaani. Na kufikia mwaka 2018, vijana wa Ethic kutoka Umoja walipotoa Lamba Lolo, ilikuwa imekwisha kubainika kwamba wimbo uliotengenezwa kwa vyombo vichache unaweza kuitikisa nchi. Nautaja ukoo huu kwa heshima, na pia kwa sababu ndio unaomtia kijana wa chumba cha futi kumi matumaini yasiyo ya uongo.

Nilimsihi kijana wa jirani yangu asiutume wimbo wake kwa simu hata kidogo, bali aupeleke kwa mtu mmoja baada ya mwingine, akae naye, asimweleze unahusu nini, asiombe radhi kwa kasoro yoyote kabla haijasikika, wala asiyatamke maneno ya wimbo kwa midomo unapopigwa. Kwani msikilizaji aliyeelezwa ameshaharibiwa ugeni wake. Alikubali, ingawa naliona jinsi nasaha ile ilivyomlemea, maana kukaa kimya mbele ya mtu anayekipima kitu chako ni kazi nzito.

Wa kwanza alikuwa mama anayepika chapati na madondo penye kona ya barabara yetu. Kijana aliitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu, kama tufanyavyo sote ili sauti ipande, akaiweka juu ya benchi. Mama yule hakuacha kazi. Alisukuma donge, akaligeuza, akalirusha juu ya kikaango, na kichwa chake kikaanza kufuata mapigo. Wimbo unamhusu mama ambaye kodi imemchelewea na mwenye nyumba amemfungia mlango kwa kufuli, na kiitikio kinawasihi majirani kwamba mama asihame, watamchangia. Kiitikio kilipofika mara ya pili, mti wa kusukumia chapati ulisimama mkononi mwake. Akauliza, "Mwanangu, huyu mama amekosa nini hata mwasema ahame?"

Kijana alishtuka, na mimi niliyekuwa nimekaa kando nikaelewa papo hapo kwamba swali lile lilikuwa na thamani kuliko sifa zote zinazorejea kwa simu usiku. Silabi moja ilikuwa imepotea, na kwa kupotea kwake wimbo wa huruma umegeuka kuwa wimbo wa kufukuza. Mama aliposhibishwa maelezo alicheka kwa furaha, akasema, "Basi ongeza sauti yako, mbona unajificha?" Kijana akarudi chumbani tayari kuiongeza.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu, na ndipo nionapo wengi wakipotea. Mgonjwa hakosei anapoonyesha panapomuuma. Hukosea aghalabu anapojiandikia dawa, na msikilizaji naye ni hivyo hivyo: neno lake juu ya alichokisikia na ambacho hakukisikia lapasa kupokewa kama ushahidi wa mtu mwadilifu, ilhali neno lake juu ya la kufanya ni dhana tu, njema au mbaya. Sauti ya kijana haikuwa ndogo. Herufi ya S hukaa juu sana katika ngazi ya sauti, kuanzia kama mitetemo 5,000 kwa sekunde na zaidi, na huko juu ndiko inakolia haiheti, yaani vile visahani vya ngoma, ambayo yeye aliiweka kali mfululizo kwenye kila kiitikio; fauka ya hayo, kwa kuwa S zake zilimchoma masikio katika hedifoni, alikuwa amezikata makali kwa programu. Hivyo aliidhoofisha herufi na kumwimarisha adui yake. Kuiongeza sauti yote kungeleta wimbo wa kupiga kelele, na mama asihame angeendelea kuhama.

Alijaribu kwanza kuisogeza haiheti upande wa kushoto ili sauti ibaki peke yake katikati, na kwenye hedifoni kazi ile ilikuwa ya kupendeza, nafasi imefunguka kama uwanja. Lakini simu yake ya spika moja iliporudishwa ndani ya sufuria, kushoto na kulia vikachanganywa pamoja na haiheti ikarejea juu ya neno lile lile. Ndipo akaipunguza desibeli tatu, akaifanya fupi, na zile S alizozikata akazirudishia nusu ya makali yake. Neno likasimama. Lakini yule mama wa chapati hakuweza tena kuwa shahidi, kwa kuwa sasa ameyajua maneno. Ilibidi aulizwe mteja wake aliyekuwa akingoja chakula, naye akasema bila ya kusitasita kwamba ni majirani wanamtetea mama.

Besi ilipata hukumu yake ndani ya matatu ya Dandora, mapema kabla abiria hawajajaa. Mwenye kujua mitaa hii anajua kwamba gari hapa huchaguliwa kwa muziki wake, na kwamba vijana hupisha gari tupu wakangoja lile lenye spika nzito chini ya viti. Kwa hiyo kondakta wa gari kama hilo husikiliza nyimbo kwa sikio la mfanyabiashara, na kila siku hupitisha nyingi kuliko mtangazaji wa redio. Huyu aliichomeka flashi, akasikiliza mistari miwili, na vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. "Buda, besi imekula maneno yote," alisema, kisha akaongeza haraka, "lakini usiitoe yote, watu watapanda gari ingine." Sijasikia maelezo bora zaidi ya mizani ya kazi hii. Besi ile ambayo chumba kiliificha na usiku ukaififisha, ndani ya mwili wa chuma uliofungwa ilikuwa imerudi pamoja na riba yake; na kijana, ambaye sasa ameambiwa kwamba katikati ya chumba chake pana shimo, amehamisha meza ikakaribia ukuta, na kila akitaka kuipima besi husimama mlangoni, kisha pembeni, kisha hurejea kitini, ndipo huamua.

Mji wa Detroit, Marekani, ulikuwa na desturi ya namna hii. Berry Gordy alinunua nyumba ya kawaida mwaka 1959, akaifanya studio ya Motown, na nyimbo za wiki zikawa zinapigiwa kura kila Ijumaa na watu wa kampuni waliokaa pamoja, baada ya kupimwa kwenye spika ndogo dhaifu mfano wa ile ya redio ya gari. Maana walijua kwamba wanunuzi wao watazisikia garini. Sisi garini tunazisikia kwa spika iliyo kubwa kupita kiasi, na nyumbani kwa simu iliyo ndogo kupita kiasi, na wimbo wa mtaani sharti uishi katika hali zote mbili.

Nina neno pia kuhusu rai za aina nyingine. Mtu mmoja mwenye studio ya kulipia mjini aliusikiliza wimbo ule, akasema kwamba haujafika kiwango cha kimataifa, na akashauri kwamba sauti ya ndoo ikijazwa maji bombani, inayosikika kwa mbali chini ya ubeti wa pili pamoja na mtoto anayeita, isafishwe iondoke. Kijana alirudi amenyong'onyea. Mimi nasema wazi kwamba hukumu isiyotaja dakika wala neno wala ala haimsaidii fundi chochote. Mama wa chapati hakuwahi kuiona studio, lakini alionyesha kidole mahali, na mahali pale palikuwa na kasoro. Ama ndoo na mtoto, hapana hata mmoja katika wasikilizaji wa mtaani aliyevitaja kuwa ni kasoro, na ubeti wa pili ndio unaoeleza ua wa ploti asubuhi mama anapokuta kufuli mlangoni. Kuvifuta kwa sababu nyimbo za ng'ambo hazina ndoo kungekuwa ni kuusafisha wimbo ukabaki hauna kwao. Nilimshauri aviache, na ameviacha. Nisingemshauri hivyo kama ndoo ile ingekuwa imefunika neno.

Limebaki shauri moja ambalo halijakatwa. Mwalimu mstaafu wa kwaya, jirani yetu wa siku nyingi, aliusikiliza wimbo amefumba macho, akausifu kwa dhati, kisha akalalamikia makofi yanayopigwa mwanzo wa kila mstari wa kiitikio: yana nguvu mno, alisema, yanaikata pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua kinywa. Kondakta naye, kwa siku yake, aliyashangilia makofi hayo hayo, kwa kuwa ndiyo yanayowafanya abiria watingishe vichwa. Kijana ameshikamana na kondakta. Mimi nipo pamoja na mwalimu, na nimemwambia hivyo bila ya kumficha, kwa sababu kuimba mtu asihame kunahitaji pumzi isikike. Lakini sauti yangu katika jambo hili haina uzito tena, maana nimeusikia wimbo huu mara nyingi kiasi cha kuweza kuuimba, na mwalimu sasa ni hivyo hivyo. Jumamosi binamu wa kijana anakuja kutoka Machakos, naye hajausikia hata mstari mmoja. Atapigiwa kwenye simu, atapigiwa kwenye spika za matofali, na tumekubaliana sote watatu kwamba hapana atakayemtajia makofi.